Pistoni Yako na Radhi Zangu

Saumu mwanangu,

Asubuhi umepita mlangoni bila kunipa shikamoo. Nilikuwa nimeinama napepea jiko kwa kifuniko cha sufuria, nikasikia ndara zako, nikajisemea sasa ataniamkia, sasa ataniamkia, mpaka nikasikia bodaboda imewaka na kuondoka. Umekwenda Kaniha kumuaga bibi yako, mama yake marehemu baba yako. Vizuri, ana haki ya kuagwa. Lakini mimi nilibaki pale na kifuniko mkononi, nikasema haya sasa, Rehema, ndiyo kazi ya mdomo wako hiyo.

Najua kilichokunyamazisha. Juzi nilikwambia kwamba ukivuka daraja la Rusumo pale mpakani na lile jengo lako la pistoni kama lilivyo, radhi zangu huna. Nilisema kwa sauti, dirisha wazi, mpaka jirani akaacha kutwanga ili asikie vizuri. Kesho alfajiri unapanda gari kwenda Kigali kuanza kazi, na katika ukoo wetu mtu hasafiri na neno kama hilo mgongoni. Wako wanaotania na mambo ya radhi. Sisi hatutanii. Ndiyo maana nimekaa naandika mchana wote huu, duka nimelifunga, wateja wagonge mpaka wachoke.

Ningeweza kukungoja urudi niseme kwa mdomo, lakini mdomo wangu unaujua, hauna breki. Ungeingia umenuna, na mimi ningeanza na kununa kwako badala ya kuanza na jambo lenyewe, na tungefika palepale. Karatasi inanilazimisha niende polepole. Habari za sweta, za dawa, za kutoacha simu kwenye chaji ya watu, tumekwisha kuzizungumza mpaka umezikinai. Humu hazimo.

Kwanza tuelewane: pistoni yako sikuichukia tangu mwanzo. Nakumbuka ulivyomaliza chuo Mwanza ukarudi hapa Biharamulo, ukaniambia kuna vijana Kigali wanatengeneza gemu ya kompyuta, gemu ya ngome, na kiongozi wao, dada anayeitwa Solange, ameona michoro yako, anataka umbunie mashine moja ya kuweka ndani ya hiyo ngome. Nikakuuliza, ngome ya nani? Ukacheka. "Ya yeyote anayecheza, mama. Anapewa mto, kilima na watu wachache. Anawajengea, anawalisha, anawalinda. Akishindwa wanakufa." Nikasema basi hiyo si gemu, hiyo ni kazi ya mama mwenye nyumba, na hakuna anayetulipa.

Ukachora. Maporomoko ya maji yanazungusha gurudumu, gurudumu linasukuma pistoni ya jiwe ndani ya silinda, na pistoni inafanya kazi. Mara ya kwanza ilikwenda mbele vizuri, halafu ikagoma kurudi. Ulishinda nayo wiki nzima, chai inapoa, unaikoromea kompyuta kama mbuzi aliyekula shamba. Nikapita na ndoo, nikatupa jicho, nikauliza, "Na nini kinairudisha?"

"Inarudi yenyewe."

Nilicheka mpaka nikatua ndoo. Inarudi yenyewe! Mwanangu, umezaliwa kwenye nyumba ya mashine ya kusaga, umelala mgongoni kwangu injini ikinguruma, halafu unaniambia pistoni inarudi yenyewe. Nikakueleza. Kwenye injini yetu mafuta yanalipuka, pistoni inasukumwa mara moja tu. Safari nyingine zote inazungushwa na lile gurudumu zito la ubavuni, wenyewe mafundi wanaliita flaiwili. Likishapata mwendo, ndilo linaloipandisha pistoni na kuishusha mpaka mlipuko mwingine uje. Ukaliweka gurudumu zito kwenye jengo lako, ukabonyeza, na jiwe lako likaenda likarudi, likaenda likarudi. Ulinirukia ukanikumbatia na mimi nimejaa unga mwili mzima. Siku ile nilifurahi kuliko siku uliyopata cheti.

Na kumbuka nilikufundisha na hendeli, ingawa kwenye gemu haina kazi. Unapowasha injini kwa mkono, hendeli unaishika vidole vyote upande mmoja, na kidole gumba pia, usikizungushe. Maana injini ikikataa inapiga teke kinyume, na aliyeikumbatia hendeli inamvunja gumba. Baba yako aliniambia hivyo siku ya kwanza, nikajifanya najua, na hili gumba langu lililopinda ndilo jibu. Wewe ulidhani nilizaliwa nalo. Kitu chenye nguvu unakishika kwa namna ambayo kikikataa utaweza kukiachia. Sikuambii fumbo, nakwambia habari za hendeli.

Basi ukaiunganisha pistoni na kinu. Ukanionyesha vijitu vyako vimepanga foleni na vigunia kichwani, vinaingia vinasagiwa, vinatoka. Nikakwambia hapo umefika, hiyo ndiyo kazi ya pistoni duniani.

Halafu Kigali wakapiga simu. Watu waliojaribu gemu wamesema jengo ni zuri ila halisisimui. Je, pistoni hiyo haiwezi kusukuma? Nawe ukaigeuza. Jiwe lilelile, gurudumu lilelile nililokufundisha mimi, sasa likakaa kwenye lango la ngome, mbele ya daraja. Wageni wakija, mchezaji anabonyeza, jiwe linachomoka ukutani, linafagia daraja, na wao wanaingia mtoni. Kioo kinaandika HONGERA na nyota zinadondoka. Juzi ulinionyesha hilo huku unacheka.

Nikakuuliza, "Hao ni akina nani?"

"Wageni."

"Majina yao?"

"Hawana majina, mama. Wakishaingia ndani ya ngome ndipo kompyuta inawapa majina. Tukiwapa majina wote walioko nje, gemu inakuwa nzito, inakwama."

"Na wamefuata nini?"

"Chakula. Wengine wanakuja kwa shari, wengine kwa heri. Mchezaji hajui mpaka waingie."

"Kwa hiyo anawatupa wote."

"Ni vijitu, mama! Ni nukta kwenye kioo! Na wewe mwenyewe kila siku unasema wageni ndio walioleta majambazi hapa."

Hapo ndipo nilipolipuka, na yaliyofuata unayajua, na jirani anayajua. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini nina deni la kukueleza nililipuka na nini, maana wewe ulidhani nakasirikia gemu.

Mwaka wa tisini na nne wewe ulikuwa bado. Mimi na baba yako tulikuwa na mashine moja hapa mjini, na wateja wa kubahatisha. Tukasikia watu wamevuka Rusumo kutoka upande wa Kigali, wakikimbia vita na mauaji, watu wasiohesabika, wametua kambini Benako kule Ngara na wengine wanazidi kuvuka. Wanapewa mahindi, mahindi makavu, punje nzima. Sasa mtu aliyetembea wiki nzima umpe punje, hana kinu, hana sufuria ya maana, kuni zimekwisha mpaka mizizi, atazifanya nini? Babu yako mzaa mama, mfanyabiashara mtoto wa mfanyabiashara, watu waliofika huku kutoka Pangani na mabunda ya kaniki na chumvi, akasema neno moja: "Mashine hufuata mahindi." Tukaipandisha injini kwenye lori.

Watu wanapenda kusimulia miaka ile kana kwamba wote tulikwenda kusaidia. Sisi hatukwenda kusaidia. Tulikwenda kusaga. Mwenye pesa alilipa, asiye nayo aliacha kopo la mahindi, na wengi waliacha kopo. Hatukujua nani alimkimbia nani. Kwenye foleni yetu walisimama waliotenda na waliotendwa, na makopo yao yalikuwa ya namna moja. Mimi nilichokiona ni miguu, miguu imevimba, ya watoto na ya vikongwe. Na mtoni kulikuwa na mambo ambayo sitakuandikia. Nitakwambia tu kwamba mwaka ule nyumbani kwetu hatukula samaki, na hatukuwa peke yetu.

Sasa sikia ujinga wetu. Kwetu sisi mteja hasimamishwi. Nyumba ya biashara isiyo na benchi ni nyumba ya mchoyo, ndivyo tulivyolelewa. Na pale kambini wazee walikuwa wakisimama juani tangu asubuhi, roho yangu ikawa inaniuma. Mbao za benchi hazikupatikana. Zilizokuwepo ni za kile kisanduku kinachofunika mkanda, ule mkanda mrefu unaotoka kwenye injini kwenda kukizungusha kinu. Nikamwambia baba yako azing'oe.

"Na mkanda?" akauliza.

"Mkanda unaonekana. Watu wana macho."

Alisita, lakini unajua alivyokuwa mbele yangu, Mungu amrehemu. Akang'oa. Benchi likapendeza. Wazee wakakaa, wakatuombea dua, na mimi nikajiona mwema kweli kweli.

Injini tuliiweka nje ya kibanda kwa sababu ya moshi, ubavuni mwa foleni. Siku moja foleni ikasukumana, na kitenge cha mama mmoja kikalambwa na mkanda. Aliitwa Domitila, jina nililijua baadaye. Mimi nilikuwa karibu na injini. Nikaruka nikafunga mafuta, nikainua kile kipini kinachoachia pumzi ya silinda, na injini ikazima palepale. Nilifanya kila kitu sawasawa. Ila lile gurudumu zito, lile ninalokusifia, likaendelea kuzunguka. Halijui kama umezima. Likavuta kitenge, likavuta, na mkono wa Domitila ukiwa ndani yake, mpaka baba yako alipokikata kwa panga. Mkono ukavunjika. Ile sauti yake alipolia sijaisimulia kwa mtu mpaka leo.

Tangu siku ile, mtu akinionyesha mashine, hata cherehani, siulizi inawashwaje. Nauliza inazimwaje, na ikishazimwa inachukua muda gani kusimama. Benchi tulilivunja siku ileile, kisanduku kikarudi mahali pake. Wazee wakasimama tena juani, na safari hii niliwaacha wasimame, nikawapelekea maji.

Domitila alirudi, mkono umefungwa kwa vibao. Nikajua amekuja kudai haki yake, nikajiandaa. Akasema, "Unga wangu uko wapi?" Katika vurugu ya siku ile mtu alikuwa ameubeba. Nikampimia mwingine. Akaunusa, akakunja uso. "Huu si wangu. Wangu ulikuwa mweupe." Jamani! Nikaongeza, akapokea bila hata asante. Kesho yake akaja tena, hakuwa na mahindi, alikuwa na fimbo. Akasimama pale penye mkanda, akawa anawapigia kelele waliosogea, kwa Kiswahili chake cha kambini: "Ludi nyuma! Ludi nyuma!" Hakuna aliyemwajiri. Alikuwa akija kila tulipowasha, na mimba yako ilipoanza kuonekana, aliniinulia fimbo hata mimi mwenye mashine.

Walipoamriwa kurudi kwao, barabara ya Rusumo ilijaa ukingo hadi ukingo. Nilisimama nikatafuta uso wake mpaka macho yakauma, sikuuona. Sikutumi ukamtafute, nchi ile ina akina Domitila wengi. Ninachotaka ujue ni kwamba alikuwa na jina kabla hajafika kwenye foleni yetu. Mimi ndiye niliyekuwa sijalijua.

Na la majambazi. Ni kweli nalisema, na si uongo. Miaka ile ukitaka kupita msitu wa Biharamulo ulingoja magari yakusanyike yasindikizwe na polisi. Baba yako alitekwa humo, akapigwa, pikipiki ikaenda, na ule mguu wake uliokuwa ukimsumbua mpaka anaaga dunia ulitokana na siku hiyo. Umekua ukinisikia nikisema: wageni, wageni, wageni. Kuna kipande sikukusimulia. Walipokamatwa wale, mmoja alikuwa mgeni kweli. Mwenzake alikuwa wa hapa hapa, tunamjua kwao, mahindi ya mama yake tulikuwa tukiyasaga. Hicho nilikiacha kila mara. Niliona kinaharibu hadithi.

Kwa hiyo wewe nimekulea kwa nusu ya habari, halafu umejenga lango la nusu ya habari, halafu nakufokea. Na sasa Warundi wanavuka tena kule Ngara, na dukani kwangu watu wananunua betri huku wakisema maneno yaleyale niliyokuwa nikisema mimi. Nawasikia, napokea hela, nanyamaza. Hiyo nayo uijue kuhusu mama yako.

Sasa nikwambie nilichofanya leo, ukasirike mara moja uishe. Umeiacha kompyuta mezani kwenye chaji. Nimeifungua. Namba yako ya siri ni siku yako ya kuzaliwa, kama ilivyo ya simu na ya benki, na mtu mwenye akili zako anastahili kuona aibu. Nikasema ngoja nimwonyeshe huyu mtoto jinsi ngome inavyoendeshwa na mwanamke aliyeendesha mashine kambini.

Mara ya kwanza nikafungua lango, nikawaingiza wote. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na kweli nikawapa majembe. Kompyuta ikawapa majina mmoja mmoja, nikafurahi, nikawa nayasoma kwa sauti. Halafu wakaja wengine, na wengine. Kinu kikazidiwa. Nikajenga kingine, maji hayakutosha kuzungusha vyote viwili. Wakaanza kufa, wa zamani na wapya, na kila anayekufa jina lake linaandikwa kwa rangi nyekundu pembeni. Nikabaki na watoto watatu na mbuzi. Nikaanza upya.

Mara ya pili nikawa mjanja. Nikaingiza wachache, nikafunga, nikafungua. Kati ya niliowaingiza kuna waliokuja kwa shari, wakachoma ghala langu. Nililia, Saumu. Mtu mzima na akili zangu, nimekaa mezani kwangu mchana kweupe, nalilia mahindi ya kwenye kioo.

Mara ya tatu ghala lilikuwa limebaki chini kabisa, na ndani nilikuwa na watu niliokwisha kuwazoea, kuna mmoja kompyuta ilimpa jina la mama yangu. Daraja likajaa wageni. Sikuwauliza jina. Sikuuliza wamefuata nini. Nikabonyeza. Mimi, niliyekunyima radhi kwa ajili ya kitu hicho hicho, nikabonyeza, jiwe likachomoka, na wakaingia mtoni wote. Na kioo chako kikaniambia HONGERA.

Niliifunga kompyuta nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Ndipo nikajua kwamba juzi nilikuwa nimeongea kama mtu aliyeshiba. Ulichojenga si cha kipumbavu. Umejenga jambo gumu na umelijenga vizuri, na lile gurudumu linavuta kama la kweli. Sitakwambia uling'oe lile jiwe kwenye lango. Ukiling'oa, watu watacheza gemu ambayo kila mgeni ni mwema na ghala halipungui, na hiyo itakuwa nusu nyingine tu ya habari.

Ila hongera ile, mwanangu. Hiyo iondoe, nakuomba kama fundi anavyomwomba fundi. Mtu akishabonyeza, kioo kinyamaze. Mto upite, daraja libaki wazi, akae analitazama. Asipongezwe. Nyota zilipokuwa zikidondoka ndipo nilipojisikia vibaya, si kabla. Na mwekee kipini cha kuzima, mahali panapoonekana, na jiwe lichukue muda kidogo kusimama, kama la kweli, ili ajue kwamba kuzima nako kuna wakati wake. Asipokitumia, juu yake. Na ukipata njia ya kuwapa hata wachache wao majina wakiwa bado nje, gemu ikawa nzito kidogo, basi na iwe nzito. Kompyuta hiyo ina uwezo kuliko unavyoisingizia.

Jambo jingine ni la huko kazini kwenu, siku utakapowaonyesha wenzako. Sijui wazazi wa Solange walivuka daraja la Rusumo mwaka ule, au walibaki, au kuna wa kwao ambaye hakuvuka wala hakubaki. Wewe pia hujui. Labda wenyewe ndio walioomba isukume, na labda waliomba wakijua wanachoomba kuliko mimi na wewe. Usiwaulize, si mambo ya kumuuliza mtu kama unavyomuuliza kabila la kuku wake. Ila ukibonyeza mbele yao, usiwe wa kwanza kucheka.

Nakuogopea. Sijakwambia hivyo kwa sababu ukiniuliza "unaogopa nini?" nitaishia kufoka tena. Kigali ni pasafi, wanasema, na amani ipo, na safari yenyewe si ndefu, mtu anakula mchana nyumbani na usiku yuko huko. Lakini mimi daraja la Rusumo nililiona likileta watu, nikaliona likiwarudisha, na mara zote mbili hakuna aliyekuwa akilivuka kwa kupenda. Wewe utakuwa wa kwanza ninayemjua kulivuka anacheka, na begi jipya, anakwenda kazini. Kichwa changu kinakubali. Tumbo bado. Nadhani juzi nilikuwa natafuta kitu cha kukuzuia nacho, na pistoni ikawa karibu.

Babu yako alikuwa akisimulia kwamba baba yake aliondoka Pangani bila radhi za mama yake, kwa ugomvi wa kitu ambacho hakuna aliyekikumbuka baadaye. Alifika hapa, akapata duka, wake na watoto, akaheshimika. Lakini kila msafiri wa pwani aliyepita, kabla hata hajamkaribisha maji, alimuuliza, "Mama amesemaje?" Mama alikuwa amekwisha kufa zamani, na yeye anajua amekufa, na bado anauliza. Hicho ndicho nilichokutupia juzi kwa sababu ya hasira ya dakika moja.

Karatasi hii unayoisoma si ya kwanza. Ile ya kwanza niliandika: ibadilishe kwanza, ndipo nikupe radhi. Nikaisoma, nikaona nimekuwekea kopo mlangoni, kwamba acha mahindi ndipo upate unga. Nikaichana, nikaitia jikoni.

Kwa hiyo vuka. Vuka na pistoni ilivyo, au ibadilishe, kazi ni yako na wewe ndiye fundi wake. Ukifika jioni utaikuta karatasi hii juu ya kompyuta yako, na ukimaliza kuisoma nitakushika kichwa nikusomee dua. Ukiwa bado umenuna, nitasoma hivyo hivyo umenuna. Radhi zangu unazo, za mdomo na za moyo, kwa kwenda na kwa kubaki huko ukipenda kubaki. Ulikuwa nazo hata juzi, wakati nasema huna.

Ni mimi mama yako,
Rehema